Anko Santuri Anajibu: Bendi Kongwe Zikipunguza Kelele

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu zile albamu za roki ambazo bendi tuliyoizoea kwa magita ya kupasua spika inakaa chini, inapunguza moto, inaanza kuongea taratibu. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotegemea na zimenifurahisha sana, hizi hapa nimezichagua, chache nimezifupisha.

*Shikamoo Anko. Mi ni shabiki wa Pink Floyd tangu shule, The Wall nimeikariri mwanzo mwisho. Rafiki yangu kanipa The Endless River, santuri mbili kava moja, nimeipiga huku nafanya usafi na kwa kweli sijaelewa kitu. Hawaimbi, muziki unaenda tu kama intro isiyofika kwenye wimbo, mpaka upande wa nne mwishoni kabisa ndo mtu anaimba. Hivi wazee walichoka au mi ndo sina masikio? – Shabiki wa gita*

Marahaba mwanangu. Masikio unayo, na wazee hawakuchoka, ila hiyo albamu umeipa kazi isiyo yake, ile haiwezi kushindana na ufagio. Ngoja nikueleze ilivyozaliwa maana ukishajua hilo utaisikia tofauti kabisa.

Kwanza, sehemu kubwa ya unachosikia haikupigwa 2014 ilipotoka. Ilipigwa 1993 na 1994, wakati David Gilmour wa gita, Nick Mason wa drams na Richard Wright wanatengeneza albamu ya The Division Bell, walikuwa wanaingia studio wanapiga tu bila mpango, wanajibizana, mashine inarekodi. Kazi ilipoisha yakabaki masaa zaidi ya 20 ya muziki ambao haukutumika, ukawekwa kando. Wright, mpiga kinanda wao, akafariki Septemba 2008 kwa kansa akiwa na miaka 65. Miaka mitano baadaye Gilmour na Mason wakarudi kwenye zile rekodi, wakazisikiliza zote, wakachagua, wakaongezea gita na drams pale palipohitaji, na wakaamua iwe ndo kwaheri yao kwa mwenzao. Sasa we unatafuta solo ya gita iko wapi wakati wenye albamu wanakwambia msikilize mpiga kinanda, jamani msikilizeni mpiga kinanda, maana miaka yote hamkumsikiliza.

Na kweli hatukumsikiliza. Huyu Wright alikuwemo tangu bendi inaanza London 1965, halafu kwenye hiyohiyo The Wall unayoipenda ndipo alipotolewa kwenye bendi, akabaki kupiga kama mwajiriwa wa kulipwa kwenye shoo zao wenyewe. Akarudi baadaye. Ukijua hayo, sogea kwenye spika pale mwanzo kabisa wa upande wa kwanza, kabla muziki haujakolea, kuna sauti za watu wanaongea chinichini, ni wao wenyewe, wanazungumzia namna walivyokuwa wakielewana bila kusema na namna mengi yalivyobaki bila kusemwa. We wakati unafagia hayo yamekupita. Halafu nenda upande wa tatu, katikati kuna kipande kifupi kinaitwa Autumn '68, lile kinanda kubwa la mabomba unalolisikia ni la ukumbi wa Royal Albert Hall na anayelipiga ni Wright mwaka 1969, kijana kabisa. Wameichukua ile rekodi ya kijana wakaiweka katikati ya vipande alivyopiga akiwa mtu wa miaka 50. Mi kila nikifika hapo naacha ninachofanya, sijui kama kuna namna nzuri zaidi ya kumuaga mtu kwa muziki.

Kitu cha pili ni namna ilivyopangwa. Ile albamu imegawanywa vipande vinne vikubwa, na kila kipande ni upande mmoja wa santuri, nyimbo ndani yake zinaunganika bila kukatika, kwa hiyo ukiihesabu kwa nyimbo moja moja ina vijinyimbo 18, vingine dakika moja na kitu, lazima uone kama intro tupu. Ihesabu kwa pande nne. Upande mmoja ni chini ya dakika 20, unakaa, unasikiliza, sindano ikifika mwisho unanyanyuka unageuza, na hayo mapumziko ya kugeuza ni sehemu ya muziki wenyewe. Na ukiisikiliza kwenye simu kwa kuchanganya nyimbo ovyo basi ndo umeiua kabisa. Huo wimbo wa mwisho wenye maneno, Louder than Words, maneno yake kaandika Polly Samson, mke wa Gilmour, na unakiri wazi kwamba hawa jamaa waligombana sana ila wakipiga pamoja kile kinachotoka kinawazidi wote. Unafika hapo baada ya pande tatu na zaidi bila wimbo wenye maneno, ndo maana unagusa.

Jingine, usiipige kwa sauti ya chini kwa sababu ni ya utulivu. Watu wengi wanakosea hapa. Tangu 1933 watafiti Fletcher na Munson wa maabara ya Bell Labs walishapima kwamba sikio letu kadri sauti inavyoshuka ndivyo linavyopoteza besi kwanza, kwa hiyo albamu tulivu ukiipiga chini unabaki na maji tu, mchuzi umeondoka. Pandisha mpaka kile kinanda cha chini ukisikie kifuani, hapo bado hujamsumbua mtu.

Na lile kava, kijana anayepiga kasia kwenye mtumbwi juu ya mawingu, liangalie vizuri, limechorwa na kijana wa Misri, Ahmed Emad Eldin, alikuwa na miaka 18 tu. Kwenye santuri unaliona kwa ukubwa wake, mi nakaa nalo mapajani upande wote wa kwanza.

*Anko habari za kazi. Albamu za kelele zinapigwa vizuri kabisa kwenye plea yangu lakini nikiweka zile za taratibu nasikia tu kwachakwacha, tik tik, na kuna mngurumo hivi kwa chini. Santuri mpya nimeitoa kwenye nailoni mwenyewe. Nimeuziwa mbovu? – Mwenye hasira*

Hasira weka pembeni kwanza kaka, huenda santuri ni nzima. Kelele hizo zipo hata kwenye albamu zako za fujo, drams zinazifunika. Muziki ukitulia ndo zinapata nafasi ya kuongea. Kwa hiyo kazi yako ni kujua ni ipi inayoongea, na hilo unaweza kulijua kwa saa ya mkononi tu.

Santuri ya mwendo wa 33 na theluthi inazunguka mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Kaa usikilize ile tik. Kama inarudi kila baada ya sekunde mbili kasoro kidogo, tik, tik, tik, kwa mpangilio uleule, huo ni mkwaruzo, sindano inaupitia kila mzunguko, na hakuna dawa, kama santuri ni mpya irudishe. Kama inakuja ovyoovyo, mara mbili haraka halafu kimya halafu tena, hilo ni vumbi au umeme wa msuguano, hata santuri mpya inatoka kiwandani na vumbi la karatasi, na ukiichomoa haraka kwenye bahasha yake ya ndani unaichaji umeme inaanza kuvuta kila kinachopita hewani. Kama ni mlio wa mfululizo mmmmm usiobadilika hata sindano ikiwa juu, angalia ule waya mwembamba wa athi unaotoka nyuma ya plea, mara nyingi haujafungwa kwenye amplifaya. Na kama ni mngurumo mzito unaokuja sindano ikigusa tu santuri, basi plea yako imekaa juu ya kitu kinachotetemeka au iko meza moja na spika. Hilo la meza moja na spika naliona kila siku na linaniuma sana, spika inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inapeleka mtikisiko kwenye spika tena, wanazungushana hivyohivyo. Tenganisha leo hiihii.

Kusafisha. Pata brashi ya nyuzi laini za kaboni, weka santuri izunguke, gusisha brashi kwa wepesi mizunguko kadhaa halafu ivute polepole kutoka kati kwenda nje, fanya hivyo kila kabla ya kupiga. Kwa uchafu ulioganda tumia maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi kabisa, na tone moja mawili ya sabuni ya vyombo, kitambaa kisichotoa manyoya, futa kwa kufuata mistari inavyozunguka, usikatishe mistari, na lebo ya katikati isilowe. Suuza na maji hayohayo bila sabuni, iache isimame ikauke yenyewe. Sindano nayo ina brashi yake ndogo, unaipitisha kutoka nyuma kuja mbele tu, ukienda upande kwa upande unaivunja. Mara nyingi hiyo kwachakwacha yote ni kijimpira cha vumbi kilichoganda kwenye ncha ya sindano, angalia kwa tochi utakiona. Na zile bahasha za ndani za karatasi ngumu badilisha, tafuta zile zenye nailoni laini ndani.

*Anko, Automatic for the People ya R.E.M. ndo albamu ya maisha yangu, lakini kwenye santuri nikifika Nightswimming piano inayumba kama imelewa na sauti ya mwimbaji wao Michael Stipe kwenye herufi S inachanika. Mwanzo wa upande iko safi. Sindano ni mpya. Tatizo nini? – Dada wa kinanda*

Dada, umechagua vizuri. Hii ya mwaka 1992, R.E.M. walikuwa na miaka 12 tangu waanze kule Athens, Georgia, Marekani, wakubwa duniani kote, kila mtu anasubiri watoke na magita makali, wao wakaja na mandolini, ogani na fidla zilizopangwa na John Paul Jones, yuleyule wa Led Zeppelin, na nyimbo karibu zote ni za kufa, kukumbuka na kupita kwa muda. Na hawakwenda hata ziara. Hiyo ni bendi inayojiamini.

Sasa matatizo yako ni mawili tofauti ila yanakutana sehemu moja. Santuri inazunguka kwa mwendo uleule muda wote, lakini mzunguko wa nje ni mrefu na wa ndani ni mfupi, kwa hiyo kule mwanzo wa upande mfereji, ule mstari ambamo sindano inapita, unapita chini ya sindano karibu sentimita 50 kwa sekunde, ukifika karibu na lebo umeshuka mpaka kwenye 20 na kidogo. Yaani sekunde ileile ya muziki inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, mawimbi ya sauti kali kama S yanakuwa madogo mno na sindano ya ncha ya duara inashindwa kuyafuata. Ongeza na hii, albamu ni dakika 48 kwenye santuri moja, upande mmoja dakika kama 24, lazima mistari iende ndani sana, na Nightswimming ni wa pili kutoka mwisho wa upande wa pili, uko kulekule kwenye msongamano. Sindano mpya haitoshi, angalia ina umbo gani, ya duaradufu itakusaidia kuliko ya duara, halafu pima uzito wa mkono wa sindano kwa mizani ndogo, ufuate aliyetengeneza katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, anasema gramu ngapi, katriji nyingi ni kati ya 1.5 na 2.5. Watu wanapunguza uzito wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano nyepesi inarukaruka ndani ya mfereji na ndo inayokwangua. Halafu katriji ipangwe sawa kwa kile kikadi cha kupimia pembe, hicho pengine ndo kitakachokuponya.

Piano kuyumba ni jambo jingine, hapo shaka yangu iko kwenye tundu la katikati. Likitobolewa pembeni kidogo tu ya kati, santuri inazunguka kama gurudumu lililokaa vibaya, sauti inapanda na kushuka kila mzunguko, na kosa hilohilo linaumiza zaidi kadri unavyokaribia lebo. Kwenye gita na drams hulisikii, ila piano noti yake inasimama hewani muda mrefu, ikitikisika kidogo sikio linaijua. Angalia mkono wa sindano ukiwa wimbo huo, kama unaenda kushoto kulia kushoto kulia basi tundu ndo tatizo, na hapo ni kubadilisha nakala tu.

*Nimeunganisha plea kwenye spika zangu za kompyuta, sauti ni ndogo halafu nyembamba kama redio ya zamani, besi hamna kabisa. – Msomaji mpya*

Umeruka kifaa kimoja, kinaitwa priampu ya fono. Santuri inachongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi na sauti za juu zimeongezwa, maana besi kamili ingetaka mistari mipana mno, na tangu 1954 viwanda vimefuata kipimo kimoja cha RIAA, chama cha kampuni za rekodi za Marekani. Priampu ndo inayorudisha kila kitu mahali pake na kukuza ule mkondo mdogo wa katriji. Angalia kwanza nyuma ya plea yako kama kuna swichi imeandikwa Phono na Line, ikiwepo peleka Line, umemaliza. Kama haipo, nunua kijisanduku hicho.

*Anko, kama santuri ina kelele zote hizo, kwa nini nisisikilize tu albamu za utulivu kwenye simu? – Mkweli*

Sikiliza mdogo wangu, sitakataza. Kwa vipimo vya ukimya santuri imeshashindwa zamani, CD ina nafasi ya desibeli kama 96 kati ya kimya na kelele, santuri nzuri kabisa ni kwenye 70 hivi. Anayekwambia santuri ni kimya zaidi anakudanganya. Mi naipenda kwa sababu moja, huwezi kuruka wimbo kirahisi. Albamu hizi zina nyimbo ambazo mara ya kwanza hazikuvutii, kwenye simu kidole kinakwenda kabla hata mtu hajamaliza beti, na nyingi ya hizo ndo zinakuja kuwa nyimbo zako miaka mitano mbele. Ukiweza kuweka simu mbali na kusikiliza mpaka mwisho, sina ugomvi na wewe.

*Habari Anko. Kaka yangu amefariki mwaka jana. Alikuwa mtu wa roki na mimi ndo nilikuwa nampigia kelele apunguze sauti. Ameacha santuri zake, kwenye bahasha za ndani aliandika tarehe kwa penseli. Zenye kelele siziwezi kwa sasa. Kuna A Moon Shaped Pool ya Radiohead na Ghosteen ya Nick Cave and the Bad Seeds, zina tarehe nyingi kuliko nyingine. Nianze na ipi? – Dada yake*

Pole sana dada yangu, pole mno, Mungu ampumzishe pema. Umeniandikia jambo kubwa na nimelifikiria siku nzima.

Kaka yako alikuwa na sikio. Anza na Radiohead. Ni ya 2016, bendi ilianza wakiwa wanafunzi kule Abingdon, Uingereza, 1985, na tangu albamu ya kwanza ni walewale watano, na unasikia kwenye muziki kwamba hawa hawana haja ya kujionyesha kwa mtu. Wimbo wa kwanza una wasiwasi kidogo, wapiga fidla wanagonga nyuzi kwa piki za gita badala ya kuvuta kwa upinde, usiogope, baada ya hapo inatulia. Nyimbo zimepangwa kwa alfabeti tu, kwa hiyo hakuna hadithi unayolazimika kuifuata, ukitaka upande mmoja leo na mwingine wiki ijayo ni sawa. Wa mwisho ni True Love Waits. Huo wameupiga jukwaani tangu 1995 kwa gita, mashabiki wakaungoja miaka zaidi ya 20 utoke kwenye albamu ya studio, ulipotoka gita halipo, ni piano tu na mwimbaji wao Thom Yorke anaimba kama mtu aliyekwisha kubembeleza. Kama kaka yako alikuwa shabiki wa siku nyingi, huo aliungoja.

Ghosteen iache kwanza. Nick Cave alifiwa na mwanawe Arthur, kijana wa miaka 15, mwaka 2015, na hii ya 2019 ndo albamu ya kwanza aliyoiandika yote baada ya msiba. Drams karibu hakuna, ni kibodi, sauti za kuitikia kwa nyuma na yeye anaongea na kuimba. Ni santuri mbili, mwenyewe alisema nyimbo za ile ya kwanza ni watoto na za ya pili ni wazazi wao. Ni albamu nzuri sana na kuna waliofiwa iliyowashika mkono, ila inakwenda palepale penye kidonda bila kuzunguka, na msiba wako bado ni wa karibu. Siku utakayoiweka uwe na mtu nyumbani, na uanze na santuri ya kwanza.

Zile bahasha zenye penseli usiziache zikachakaa. Santuri zihamishie kwenye bahasha mpya, za zamani ziweke ndani ya kava nyuma ya santuri, kila moja na yake, penseli haifutiki ikikaa pakavu na isiposuguliwa. Na kava zote zisimame wima, usizilaze moja juu ya nyingine. Kama hujui kuweka uzito wa mkono wa sindano kwenye plea yake usiubadilishe, inawezekana aliupanga mwenyewe, niandikie jina la plea na katriji nitakuelekeza hatua kwa hatua.